Kuwaka siyo kupona

Ndugu mwandishi, kwenye makala yako hapo uliposema bolti moja mbili zikibaki baada ya matengenezo siyo tatizo mradi pikipiki inawaka, sikubaliani na wewe. Inayowaka ni injini. Gurudumu linashikiliwa na hivyo hivyo vitu vidogo. Hapa kwetu Nkoma kijana wa jirani alibadilisha breki za nyuma mwenyewe, akabakiwa na kile kipini cha kukunja kinachozuia nati ya ekseli isilegee, akakitupia kwenye kopo la misumari. Akiwa njiani kwenda Bariadi na abiria, nati ikajifungua, gurudumu likakaa upande, mnyororo ukachomoka. Wote wawili walianguka, tunashukuru Mungu hakukuwa na gari nyuma yao. Na nyie mnaosema kwamba fundi ni gharama, ni kweli kabisa, fungueni wenyewe. Lakini pigeni picha kwa simu kwanza, tandikeni gunia safi, pangeni kila kitu kwa mfuatano mlivyokitoa. Klipu ya mnyororo nayo, upande wake uliozibwa utangulie kule mnyororo unakoelekea. Kikibaki kitu, msibebe mtu, fungueni upya mpaka mjue kinakaa wapi.