Samaki wa Kupaka na Mikahawa ya Melini

Wahenga wetu walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni mwana wa Likoni niliyelelewa kwa methali, wala si mwepesi wa kuzipinga. Hata hivyo, tukio moja lililonifika hivi karibuni limenifanya niamini kuwa methali hii, ijapokuwa ilisemwa na wenye hekima, imetuponza sana sisi watu wa Pwani katika suala la chakula chetu.

Mwalimu wangu wa zamani, mama wa Kizungu aliyenisimamia nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu huko Ulaya na ambaye sasa amestaafu, alifika Mombasa akiwa abiria wa meli ya kitalii. Meli ilifunga gati Kilindini asubuhi, nayo ilikuwa ilale hapo hadi siku ya pili. Alasiri alinipigia simu, na baada ya kujuliana hali akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Humu melini kuna mikahawa mitatu ya kifahari: mmoja wa Kifaransa, mmoja wa Kiitalia na mmoja wa Kijapani. Usiku huu nichague upi?"

Nikamjibu, "Mwalimu, usichague wowote. Nisubiri langoni, nije nikuchukue."

Huenda msomaji akashangaa kwamba abiria aliyekwisha kulipa nauli, malazi na chakula anahitaji kuumiza kichwa juu ya mahali pa kula. Ukweli ni kwamba katika meli nyingi za aina hii kuna ukumbi mkuu ambamo kila abiria hula kwa nauli yake, na kando yake kuna mikahawa teule ambayo ni lazima mtu aagizie nafasi mapema. Katika meli nyingi mikahawa hiyo huwa na malipo ya ziada, ambayo aghalabu ni makumi ya dola kwa kila mlaji. Si desturi ngeni. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilifunguliwa mkahawa wa namna hiyo uliobeba jina la Ritz, na Titanic iliyozama mwaka 1912 ilikuwa nao pia. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line iliigeuza desturi hiyo kuwa ndiyo sifa yake kuu: abiria ale anapotaka, saa anayotaka.

Swali la kujiuliza ni hili: abiria huyo hununua nini hasa? Samaki wa ukumbi mkuu na samaki wa mkahawa teule huenda wametoka katika jokofu moja. Ni kweli kwamba mkahawa teule una mpishi bingwa na utulivu zaidi. Lakini kinachomvuta mlaji kabla hajaonja chochote ni jina. Nautica, meli ambayo imewahi kutia nanga hapa Mombasa, ina mkahawa uitwao Toscana. Toscana ni jimbo la Italia. Jina la jimbo, pasipo maelezo yoyote, latosha kumjulisha mlaji kwamba huko ndani kuna mapishi yenye asili, yenye wenyewe na yenye thamani. Ni nani aliyewahi kusikia mkahawa wa melini uitwao Kisauni?

Narudi kwa mgeni wangu. Nilimvusha feri nikampeleka Likoni, kwa shangazi yangu. Kivukoni alisimama kitambo akiwatazama wauza viazi karai, mihogo ya kukaanga na mishkaki, akaniuliza jina la kila kitu. Nyumbani tulimkuta shangazi amekwisha kukuna nazi, mbuzi na kifumbu bado viko chini, na changu wawili wako juu ya makaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgeni wako ataiweza pilipili?"

Mgeni aliiweza. Alipomaliza kula aliuliza jina la chakula. Shangazi akamwambia kwamba ni samaki wa kupaka. Mwalimu wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kitu kinachofanana na hicho alikiona juzi katika orodha ya vyakula ya meli, lakini kiliandikwa kuwa ni samaki wa nchi za joto katika krimu ya nazi. Hakukiagiza, kwa sababu hakikuonekana kuwa chakula cha watu wowote.

Maneno hayo ndiyo yaliyonisukuma niandike makala haya. Chakula cha shangazi yangu kilikuwa melini, na hakikuwa na kwao.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi yangu ni maneno. Naomba basi tuyatazame maneno ya jiko letu kwa dakika chache. Katika jina "samaki wa kupaka" mna kitenzi, na kitenzi hicho ndicho mapishi yenyewe: samaki huchomwa kwanza, kisha hupakwa rojo la tui lenye ukwaju na viungo, akarudishwa motoni, akapakwa tena. Ukimwita samaki wa krimu ya nazi, umeutaja mchuzi na kuufuta ufundi. Viazi karai vimechukua jina la chombo vinamokaangiwa. Mkate wa mofa umechukua jina la tanuri yake. Mahamri yanatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chachu. Tui nalo lina madaraja: lile zito la kwanza huitwa kasimile, kisha huja tui jepesi, na mabaki ndiyo machicha. Mpishi wa Pwani anayeyajua maneno haya ameyajua mapishi nusu nzima. Asiyeyajua itambidi aelezwe kila kitu upya.

Wapo watakaosema kwamba majina yetu ni magumu kwa wageni, na kwamba mlaji haagizi asichokielewa. Hoja hii haina mashiko. Wajapani hawakuiita sushi "wali wa siki na samaki mbichi" ili Mzungu asiogope. Waliipeleka kwa jina lake, na ulimwengu ukajifunza. Waitalia hawakuibadilisha pizza ikawa "mkate bapa wa nyanya". Wafaransa walifanya zaidi ya hapo. Mwaka 1903 Auguste Escoffier alichapisha kitabu kikubwa cha mapishi ambacho kilipanga na kutaja kila mchuzi na kila namna ya kupika, na mpaka leo anayesomea upishi katika nchi nyingi huanzia kwenye majina hayo. Shirika la UNESCO nalo liliutambua mlo wa Kifaransa mwaka 2010, washoku ya Kijapani mwaka 2013 na ufundi wa pizza ya Napoli mwaka 2017. Angalia, msomaji, kwamba hao ndio wenye mikahawa mitatu ile aliyoniuliza mwalimu wangu. Chema chao hakikujiuza. Kilitajwa, kikaandikwa, kikafundishwa.

Wapo pia watakaodai kwamba chakula cha Waswahili si chao, kwa kuwa pilau na biriani ni maneno yenye asili ya Kiajemi, chapati ni ya Kihindi na mofa ilitoka Uarabuni. Ni kweli kwamba maneno hayo yalisafiri. Lakini nyanya iliyomo katika pizza asili yake ni bara la Amerika, na hakuna Mwitalia anayeona haya kwa hilo. Lugha haifi kwa kukopa, na jiko vilevile. Kinachoua ni kuacha kukitaja kile ulichokwisha kukifanya kuwa chako.

Wala si kwamba tulianza jana. Ibn Battuta alipolala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331, aliandika kwamba chakula kikubwa cha watu wa hapa kilikuwa ndizi na samaki, na kwamba nafaka yao ililetwa kutoka nchi ya Sawahil, kwa kuwa kisiwa hakikuwa na kilimo chake. Katika safari hiyohiyo, alipokuwa Mogadishu, alieleza kwa undani wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuweka juu yake, na achari ya ndimu, pilipili na embe. Mtu wa Kisauni akiyasoma maelezo hayo leo ataitambua sinia ya kwao. Vasco da Gama naye, alipofika mbele ya Mombasa mwezi wa Aprili 1498, alipelekewa melini kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Basi tangu kale kisiwa hulishwa na bara, na meli hulishwa na mji. Hata leo, chakula kingi cha mji huu hupitia soko la Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Tofauti ni kwamba meli ya leo haihitaji machungwa yetu. Huja na kila kitu. Abiria wake hushuka, wengine wakapelekwa Fort Jesus, wengine wakapakiwa kwenye mabasi ya kwenda Tsavo ambayo hupita Changamwe bila kusimama, na jioni hurudi melini kula. Baada ya maharamia wa Kisomali kuishambulia Seabourn Spirit mwezi wa Novemba 2005 ilipokuwa ikija Mombasa, meli za aina hii zilizidi kuadimika katika maji yetu kwa miaka kadhaa. Zimerudi, na bandari imejenga jengo la kisasa la kuwapokea abiria. Lakini jengo halilishi mtu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji wa Likoni, ambaye huiona meli hiyo kutoka kivukoni huku karai lake likichemka, anaponaje?

Ningependa kuwa mwadilifu. Si kwamba hapana waliojaribu. Mkahawa wa Tamarind huko Nyali umejulikana kwa miaka mingi kwa majahazi yake yanayowapakia walaji jioni katika maji ya Tudor, jambo linaloonyesha kwamba mlo wa fahari juu ya maji ya Mombasa unawezekana. Hata jina hilo, ambalo lilitokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya tende ya Kihindi, ni la ukwaju wetu. Na mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa. Njia basi imekwisha kufyekwa.

Kilichobaki ni kuipita. Kwanza, hoteli za bara, kuanzia Nyali hadi Likoni, ziandike majina ya vyakula vyetu kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na maelezo kwa lugha za wageni yafuate chini yake kwa herufi ndogo. Leo mambo ni kinyume. Pili, siku ambayo meli imefunga gati, wakuu wa bandari na serikali ya kaunti wawatengee mahali safi wapishi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, karibu na wanaposhukia abiria, nao waruhusiwe kupanga bei inayolingana na kazi yao. Tatu, vyuo vya upishi vifundishe. Nilizungumza na kijana mmoja wa Kisauni aliyehitimu upishi na anayetafuta kazi melini. Alinitajia michuzi mitano mikuu ya Kifaransa bila kusita. Nilipomuuliza kasimile ni nini, alicheka akasema, "Hayo ni ya nyanya, Daktari." Sikumlaumu. Hakuna mtihani uliowahi kumuuliza swali hilo.

Lawama ya nne ni yetu sisi wanataaluma, nami nimo. Kwa miongo kadhaa tumejitahidi kubuni istilahi za fonolojia na mofolojia, na tumefanya vyema. Lakini kamusi ya jiko la Pwani, yenye kila jina, kila chombo na kila namna ya kupika kama isemwavyo Mvita, Lamu na Vanga, hatujaipa uzito unaostahili. Wenye maneno hayo ni akina shangazi, na umri wao hautungoji.

Usiku ule nilimrudisha mwalimu wangu gatini. Kabla ya kuagana alinitaka nimwandikie kwenye karatasi maneno matatu, samaki wa kupaka, ili akampe mkuu wa jikoni melini. Sijui kama alimpa, au kama mkuu huyo alijali. Ninachojua ni kwamba mgeni huyo alilala akiwa amekula chakula chenye kwao, na alikuwa tayari kukilipia sawa na alivyokuwa akilipia cha Mfaransa. Shangazi alikataa fedha zake, kwa kuwa mgeni wangu ni mgeni wake.

Huo ni ukarimu, nao usife. Lakini jirani yake aliyeko kivukoni na karai lake si mwenyeji wa mtu. Ni mchuuzi mwenye watoto wa kusomesha. Yeye hawezi kungoja chema chake kijiuze. Kwanza tukitaje.