Mji Uliozikwa na Udongo

Watu wengi husafiri kwenda kutazama magofu ya kale, na walio wengi hurudi na picha za nguzo na kuta, wasirudi na neno jingine. Lakini mwenye macho hufundishwa hata na jiwe. Habari hii ni ya wanafunzi ishirini na wawili wa chuo kimoja cha Ulaya, waliosafiri pamoja na mwalimu wao mpaka nchi ya Uturuki, wapate kuuona mji wa Efeso, ambao sifa zake zimo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja Mkamba, mwana wa mkulima wa Machakos.

Kijana huyu alikuwa na barua ya baba yake mfukoni, naye alikuwa hajaijibu. Baba alieleza kwamba karo ya mwaka ujao haijatimia. Kwa hiyo alinuia kuikata miti yote iliyo kileleni juu ya shamba, aichome makaa, na kuyavunja matuta mawili ya chini ili alime mahindi mpaka ukingoni mwa mto. Matuta hayo yalichimbwa na babu wa kijana katika miaka ya 1950, pamoja na majirani zake wa mwethya. Baba hakupenda kufanya jambo hilo bila ya kumwuliza mwanawe, kwa kuwa shamba litakuwa lake siku moja. Kijana alikuwa karibu kukubali, maana aliona kwamba mti hukatwa ukaota mwingine, lakini mwaka wa masomo ukipotea haurudi.

Asubuhi basi lao lilisimama katika mji mdogo wa Selçuk, na kwanza wakaongozwa mahali palipokuwa hekalu la Artemi. Watu wa kale walilihesabu hekalu hilo kuwa moja la maajabu saba ya dunia. Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba lilikuwa na nguzo 127, kila moja urefu wake futi 60. Wanafunzi walitazama huku na huku wakilitafuta ajabu lenyewe. Waliona nguzo moja tu, iliyounganishwa kwa vipande vipande, imesimama peke yake katika bonde lenye majimaji.

Mwalimu aliwasimulia jinsi mahali hapo palivyopatikana. Mwingereza mmoja, jina lake John Turtle Wood, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo ya stesheni za reli ya Smirna, alianza kulitafuta hekalu katika mwaka 1863. Alichimba mwaka baada ya mwaka asilione. Hatimaye, katika magofu ya uwanja wa michezo, aliona maandiko yaliyochongwa juu ya mawe, yakieleza njia iliyofuatwa na watu walipozichukua sanamu kutoka hekaluni kuingia mjini, na lango walilopita. Basi Wood alilitafuta lango, akalipata, kisha akaifuata barabara hatua kwa hatua. Siku ya 31 Desemba, 1869, wachimbaji wake waliifikia sakafu ya marumaru, nayo ilikuwa yapata futi 20 chini ya ardhi.

Kijana wa Machakos aliuliza, "Mwalimu, udongo huo wote wa futi 20 ulitoka wapi?"

Mwalimu alicheka kidogo, akajibu, "Swali lako ni jema. Liweke mpaka alasiri."

Kutoka hapo waliingia katika mji wenyewe. Njia yake kuu imetandazwa marumaru, na mawe yamelainika kwa nyayo za watu wa zamani. Walisimama mbele ya maktaba ya Celsus, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya pili na mwana aliyetaka kumheshimu baba yake, ambaye kaburi lake limo chini ya maktaba hiyo. Ukuta wa mbele uliangushwa na tetemeko la ardhi, ukalala chini kwa mamia ya miaka, mpaka mafundi wa Austria walipoyapanga tena mawe yake katika miaka ya 1970.

Lakini mahali walipokaa kwa muda mrefu ni kwenye uwanja wa michezo, uliochongwa ubavuni mwa mlima, wenye nafasi ya watu 25,000 hivi. Hapo mwalimu aliwakumbusha habari za Paulo. Mtume huyo alifundisha Efeso kwa miaka miwili katika darasa la Tirano, na watu wengi wakaacha kununua vihekalu vya fedha vya Artemi. Demetrio, mfua fedha, alipoona biashara yake yaharibika, aliwachochea mafundi wenzake. Mji ukajaa ghasia. Gayo na Aristarko, wenzake Paulo, wakakamatwa na kuburutwa mpaka uwanjani, na umati ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili, walio wengi wasijue hata sababu ya kukusanyika kwao. Aliyeizima fitina hiyo hakuwa askari wala liwali. Alikuwa karani wa mji, aliyewaambia kwa upole kwamba mwenye mashtaka ayapeleke barazani, kisha akawapa ruhusa kwenda zao. Mwanafunzi mmoja alishuka mpaka chini, akasema maneno machache kwa sauti ya kawaida, na wenzake waliokaa safu za juu wakamsikia vizuri.

Kutoka uwanjani walikwenda kwenye magofu ya Kanisa la Mariamu, yaliyo marefu sana, yenye kisima cha ubatizo ambacho ngazi zake zingalipo. Katika mwaka 431 maaskofu wapatao 200 walikutana Efeso katika kanisa lenye jina hilo. Kirilo, askofu wa Iskanderia, aliwaongoza katika kumhukumu Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, na Mariamu akathibitishwa kuitwa Mama wa Mungu. Maaskofu walifika kutoka nchi nyingi, na wengi wao walikuja kwa merikebu.

Neno hilo la merikebu liliwashangaza wanafunzi. Mmoja aliuliza, "Bahari iko wapi?" Hakuna aliyeiona. Hapo ndipo mabishano yalipoanza, kila mmoja akitoa sababu yake ya kuanguka kwa mji. Mmoja alisema ni Wagothi, walioushambulia katika karne ya tatu na kuliharibu hekalu. Wa pili alisema ni matetemeko ya ardhi. Wa tatu alikumbusha kitabu cha Ufunuo, ambamo kanisa la Efeso lilionywa kwamba lisipotubu, kinara chake kitaondolewa mahali pake.

Mwalimu aliwasikiliza wote, kisha akawaongoza kwenye barabara iliyonyoka kutoka uwanja wa michezo kuelekea magharibi. Barabara hiyo ina upana wa futi 36 hivi, na zamani ilikuwa na nguzo pande zote mbili na taa zilizowaka usiku. Hiyo ndiyo barabara ya bandarini. Walitembea mpaka mwisho wake, wakakuta matete. Hapakuwa na gati, wala maji, wala chombo, ila matete marefu yakiyumba katika upepo. Bahari yenyewe ilikuwa mbele, mwendo wa kama maili tatu, ng'ambo ya mashamba.

"Hii ndiyo bandari ya Efeso," mwalimu alisema. "Adui alibomoa, watu wakajenga tena. Tetemeko liliangusha, wakasimamisha tena. Lakini udongo ulikuja kidogo kidogo kila masika, na juu yake hawakupata dawa."

Kisha alieleza. Mto Kaistro, ambao Waturuki huuita Küçük Menderes, hutoka katika milima ya ndani na kupita katika bonde lenye rutuba. Zamani milima hiyo ilikuwa na misitu. Watu walikata miti kwa kujenga nyumba na merikebu na kwa kuni, wakalima kwenye miteremko, na mbuzi wakala kilichosalia. Mvua iliponyesha, udongo uliteremka mtoni, nao mto ukauleta baharini. Wataalamu waliotoboa ardhi ya uwanda ule kwa mabomba marefu wameona tabaka za matope ya bahari na makombe mahali ambapo leo watu hulima.

Si kwamba watu wa Efeso hawakujitahidi. Mfalme Lisimako, yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliuhamisha mji kutoka mahali pa kale. Strabo, mwandishi wa Kiyunani, asema kwamba watu walipokataa kuhama, mfalme alingoja mvua kubwa, akaiziba mifereji, maji yakajaa majumbani, nao wakahama kwa furaha. Baadaye mfalme Atalo alijenga ukuta baharini ili mlango wa bandari uwe mwembamba, akidhani kwamba maji yatazidi kina. Lakini matope yaliyokuwa yakichukuliwa nje na mawimbi yakazuiwa ndani, na dawa ikawa ugonjwa. Liwali Barea Sorano aliifungua bandari katika siku za Kaisari Nero, na Kaisari Hadriano naye akaishughulikia. Liwali mwingine alitoa amri, iliyochongwa juu ya jiwe, kwamba wafanya biashara ya mbao na marumaru wasiweke mizigo yao juu ya gati, wala wasitupe takataka za kukatia mawe majini. Yote hayo yalifanyika bandarini. Milimani, kulikotoka udongo, miti iliendelea kukatwa.

Wanafunzi wengine walikuwa wakiandika, lakini kijana wa Machakos hakuandika. Aliyatazama matete, kisha akatazama milima. Akasema, "Mwalimu, jambo hili nalijua. Kwetu mvua ikinyesha, mto Athi huwa mwekundu. Maji yake huingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki, na bahari ya pale hugeuka rangi ya matofali, na ufuko umesogea mbele kwa mchanga. Mimi nimeona kwa macho yangu. Sikufikiri kwamba kile nilichokiona ni shamba."

Hapana aliyecheka. Mwalimu alimwambia, "Basi wewe umeusoma mji huu kuliko maandiko yake."

Jioni walipanda kilima cha Ayasuluk, kilipo kanisa la Yohana Mtume, ambalo Kaisari Justiniano alilijenga katika karne ya sita juu ya mahali panapoaminiwa kuwa kaburi lake. Watu wa Efeso walihamia huku bandari ilipokufa na vinamasi vikabaki. Chini ya kilima uko msikiti wa Isa Bey, uliojengwa katika karne ya 14. Katika karne hiyo hiyo Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa, alipita hapa Ayasuluk. Basi mtu akisimama juu huona kwa mtazamo mmoja nguzo ya Artemi, msikiti na kanisa, na nyuma yake uwanda wa kijani uliokuwa bahari.

Wenzake walipokuwa wakipiga picha, kijana alikaa juu ya jiwe akaitoa barua ya baba yake, akaisoma tena. Kisha akaandika jibu. Alimshukuru baba kwa jasho lake, na kwa kumwuliza kabla ya kukata. Akamsihi asiiguse miti ya kileleni wala matuta ya babu. Kuhusu karo, alisema ataomba ruhusa ya kukaa nje ya chuo mwaka mmoja afanye kazi, hata kama wenziwe watamtangulia. Mwisho aliandika, "Baba, mwaka mmoja wa masomo nitaupata tena. Udongo ukifika Malindi, wewe na mimi hatutaurudisha."

Haikuwa barua nyepesi kuiandika, maana mwaka mmoja ni mwingi kwa kijana, na mzazi aliyekwisha kunuia jambo hapendi kurudishwa nyuma na mwanawe. Lakini aliitia katika bahasha usiku ule ule, na asubuhi akaipeleka posta kabla basi halijaondoka.

Mkulima mwenye shamba la mteremko na asikie. Mji uliokuwa na maktaba, na hekalu la ajabu, na baraza la maaskofu 200, haukuweza kuyazuia matope kwa amri za maliwali wala kwa hazina za makaisari, kwa sababu walipigana nayo mahali yalipofikia, si mahali yalipoanzia. Yalianzia juu, penye mti mmoja uliokatwa na tuta moja lisilochimbwa. Hapo juu jembe la mtu mmoja latosha kuyazuia, na huko chini majeshi hayatoshi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na watu wa Efeso hata ukuta waliujenga, wala haukuwafaa kitu.