Sikuokoa Samaki, Niliiba Mboga ya Mtu

Wasee, ile video ya samaki nimeifuta. Najua wengi mmekuwa mkiuliza iko wapi. Hakuna aliyenifungia akaunti, nimeifuta mwenyewe. Leo nawaambia kwa nini, halafu nitawagombeza kidogo, kwa sababu nyinyi ndio mliishangilia.

Kwa wale hawakuiona: Februari nilienda Shimoni, huko Kwale, chini kabisa karibu na mpaka wa Tanzania. Nilikuwa nimeweka akiba miezi saba ili nipige mbizi ya ukweli, mtungi wa hewa mgongoni, si ile ya kuelea juu na miwani ya maji. Tukatoka asubuhi na mashua, tukapita kisiwa cha Wasini, tukaona pomboo, tukafika upande wa visiwa vya Mpunguti. Nikashuka. Sitadanganya, nilikaribia kulia ndani ya miwani. Sisi wa Kitengela maji mengi tunayaona kwa boza.

Chini huko nikaona kizimba kimesukwa kwa fito, kimewekwa mchangani kando ya matumbawe, kimeshikiliwa na mawe kisibebwe na maji. Ndani kulikuwa na samaki kama sita, wanazunguka wakigonga kuta. Kiongozi wetu alikuwa mbele na mteja mwingine. Nikawasha kamera, nikafungua kamba ya kifuniko, nikakiinamisha. Samaki wakatoka mmoja mmoja. Kiongozi akageuka, akanitikisia mkono: hapana, hapana. Nikajifanya sijamwona.

Kivuli kikapita juu yangu. Mzee mmoja, kaptura na miwani ya maji tu, hana mtungi, hana mapezi, anashuka kwa pumzi moja. Akashika kizimba, akaangalia ndani. Kisha akaniangalia mimi. Mimi nikamwonyesha kidole gumba, kama kusema usijali buda, wako salama. Baadaye nikakumbushwa kwamba kwa wapiga mbizi kidole gumba ni ishara ya "panda juu". Yaani nilimwibia mtu, halafu nikamfukuza.

Kwa mashua kiongozi aliniambia, kwa upole, "Kile ni chombo cha watu, usingekigusa." Nikasikia. Usiku bado nikaipandisha ile video, na maneno makubwa juu yake: NIMEOKOA SAMAKI KWA MVUVI HARAMU NDANI YA HIFADHI. Uso wa mzee uko pale, wazi kabisa. Asubuhi nikaamka nikapata watazamaji laki mbili. Mlimwita mwizi, mlimwita muuaji. Mmoja wenu aliandika watu kama hao wahamishwe kutoka kisiwani. Nikampa laiki.

Sasa sikilizeni.

Siku ya pili nilivuka kwenda Wasini kutembea ile njia ya mbao juu ya matumbawe ya zamani, ile inayosimamiwa na akina mama wa kisiwa. Kijana mmoja rika langu akanitazama, akatazama simu yake, akanitazama tena. "Si wewe ndiye wa samaki?" Nikacheka, nikadhani nimepata shabiki. Akasema, "Twende basi, babu anataka kukuona."

Mzee alikuwa amekaa barazani anashona kizimba kingine. Nilitaka ardhi inimeze.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Keti."

Hakunipigia kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliniambia kile kizimba kinaitwa dema, kwamba alilisuka mwenyewe, na kwamba huliteremsha leo akalitazama kesho. Akanionyesha tundu alizoacha pembeni ili samaki wachanga watoke. Akaniambia hizi siku za kaskazi, bahari ikiwa imetulia, ndizo za kupata kitu. Kusi likianza kuvuma, chombo chake kidogo hakiendi mbali. Halafu akasema jambo ambalo limekataa kutoka kichwani mwangu:

"Kule Kisite hatuvui. Tumeambiwa tusivue, hatuvui. Hapa Mpunguti tumeruhusiwa kwa dema na mshipi. Wewe umekuja siku mbili, unaniambia mimi mipaka ya bahari?"

Nikaenda kusoma, jambo ambalo lingepaswa kuja kabla ya kupandisha video. Mzee yuko sawa asilimia mia. Ile hifadhi ina sehemu mbili. Kisite ni mbuga kamili ya baharini, kilomita 28 za mraba, uvuvi marufuku. Mpunguti, kilomita 11 za mraba, ni hifadhi ya aina nyingine: wenyeji wanaruhusiwa kuvua kwa njia zao za jadi. Mimi nilikuwa Mpunguti. Pale chini ya maji mvunja sheria alikuwa mmoja, na alikuwa amebeba kamera.

Nilimwuliza wale samaki wangekuwa bei gani. Akapiga hesabu, akasema elfu moja mia mbili. Nikamtumia kwa simu palepale. Aliangalia ujumbe, akasema, "Hii ni ya samaki. Na ile ya kuniita mwizi, utailipaje?"

Sikuwa na jibu. Hii makala ndiyo jaribio langu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi, kati ya watu wote, ningepaswa kujua. Mimi ni wa Kitengela. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, haina ua upande wa kusini. Mto Mbagathi tu. Punda milia na nyumbu wanavuka kuja malishoni kwetu, na simba wanawafuata. Juni 2012, nikiwa shule ya msingi, simba waliingia boma la watu huku kwetu wakaua mbuzi. Asubuhi watu wakawaua simba sita. Picha zikazunguka dunia nzima. Na nakumbuka wakubwa walivyokuwa wakisomeana yale matusi: washamba, wakatili, hawajasoma. Yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kupoteza hata kuku.

Hakuna aliyeuliza wale mbuzi walikuwa karo ya nani. Hakuna aliyetaja kwamba hao hao wafugaji ndio walioacha mashamba yao bila ua ili wanyama wapite. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi huku kwa kutojenga ua na kutouza, dola 4 hivi kwa ekari kwa mwaka. Dola nne! Leo kahawa moja ya Westlands inaweza kula hiyo pesa.

Sisemi kuua simba ni sawa. Nasema ukimhukumu mtu bila kujua ameshabeba mzigo gani, hujatetea mnyama yeyote. Umejipendezesha tu. Nilikuwa naumia tukifanyiwa hivyo, halafu nikasafiri mpaka mwisho wa Kenya nikamfanyia mtu mwingine yale yale, chini ya maji.

Najua mtasema nini. La kwanza: "Lakini wavuvi ndio wanamaliza samaki." Kuna uvuvi mbaya, ndiyo. Juya, ule wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufuoni na kubeba wakubwa na wachanga pamoja, ulipigwa marufuku Kenya 2001, na bado kuna wanaoutumia. Ukiuona, piga ripoti. Kuna KWS, na kila sehemu ya kutua samaki kuna BMU, kile kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia ufuo wao kisheria. Lakini dema la fito si juya. Kama huwezi kutofautisha, funga mdomo na uulize.

Na tukiongea kuhusu kilichoumiza matumbawe, tuongee yote. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikageuka nyeupe na kufa. Hilo joto halikuletwa na mzee mwenye kaptura. Joto la bahari linapanda kwa sababu ya moshi wa dunia nzima, ndege na magari yetu yakiwemo.

La pili: "Wenyeji hawajui mambo ya kuhifadhi." Nendeni Kuruwitu, Kilifi. Huko wavuvi wenyewe waliona samaki wanapungua, wakakaa chini, na mwaka 2005 wakafunga kama hekta 30 za bahari yao. Eneo lao la kazi! Samaki wakarudi. Mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna mpiga mbizi kutoka Nairobi aliyewafungulia dema ili waelewe.

La tatu, na hili linanihusu mimi na wenzangu wa kamera: "Kontenti ni kazi." Najua. Niliacha chuo, hii ndiyo kazi yangu, na ile video ingenilipia kodi ya miezi miwili. Lakini uso wa mtu si mali yako kwa sababu simu ni yako. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mzee wa Wasini angenishtaki, ningeuza mpaka kitanda.

Lakini hata tuache sheria. Angalieni tunavyopiga picha za likizo. Bahari tupu, ufuo mtupu, "nimegundua pahali hapajulikani". Hapajulikani na nani? Watu wamezaliwa pale, wamezikwa pale. Tunawatoa kwenye picha ili paonekane paradiso, na wakijitokeza ghafla bila kualikwa, kama mzee yule, tunawapa sehemu moja kati ya mbili: pambo au mhalifu. Mwenye nyumba hatumpi kamwe.

Na jioni ile ile ya "uokozi" wangu, mnajua nilikula nini? Samaki wa kupaka, mzima, na wali wa nazi. Nikampiga picha pia. Sikujiuliza hata sekunde moja ametolewa baharini na nani, na kwa chombo gani. Inawezekana kabisa alitoka kwa dema. Samaki wa kwa sahani nilimwita utamu, wa kwa kizimba nikamwita mateka. Huo ni unafiki.

Kwa hivyo, wasee, naomba kitu kidogo. Ukienda pwani, au ukija huku kwetu Kajiado kutafuta simba wa kupiga picha, salimia kwanza. Uliza hii ni ya nani. Kama kuna chombo majini, usikiguse. Kama kuna mtu kwenye fremu, mwombe ruhusa, na akikataa, zima.

Mzee alinialika tutoke naye kuteremsha lile dema jipya. Nilienda, nikaiacha simu kwa mjukuu wake. Nilijaribu kushuka kwa pumzi moja kama yeye. Sikufika hata nusu. Masikio yaliuma nikarudi juu nakohoa maji ya chumvi, naye akacheka mpaka akashika ukingo wa mashua.

Bado kuna tatizo moja. Video nimeifuta kwangu, lakini kuna akaunti tatu zilishaichukua na kuipandisha upya, na uso wake bado unazunguka na neno MWIZI juu yake. Nimewaandikia. Mmoja ameniambia nimlipe kwanza ndiyo aifute. Mkiiona, msiisambaze hata kwa nia nzuri. Iripotini. Na kama mna nguvu ya kuandika komenti, andikeni hivi: huyu mzee alikuwa kazini, mwizi ni yule mwenye mtungi mgongoni.