Tusiwanyang'anye mabinti vitabu vyao

Wiki chache zilizopita nilisimama kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu kule Nyamirambo, nikitaka kumtumia nauli mdogo wangu aliyekwama Rusumo. Binti aliyeketi chini ya mwavuli alikuwa ameinamia simu yake, akicheka peke yake. Nikakohoa. Akainua uso, akanitazama, kisha akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

Niliitikia, ingawa jina lake lilikuwa limenitoka. Alinihudumia haraka na kwa adabu. Nilipokuwa natia chenji kwenye pochi, akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kile kitabu changu bado unacho?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka. Mwaka 2016 nilikuwa nafundisha darasa lake la tatu la sekondari. Siku hiyo nilikuwa ubaoni naeleza ngeli za nomino, naye amekaa nyuma kabisa, kitabu mapajani, hanisikii wala hanioni. Nilimwendea polepole, nikakinyakua, darasa zima likacheka. Nikamwambia atakipata mwisho wa muhula. Muhula ukaisha, mimi nikasahau, naye akaogopa kudai.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya Kiswahili. Msomaji wangu, hebu litazame vizuri jambo hilo. Mwalimu wa Kiswahili alimnyang'anya mwanafunzi kitabu cha Kiswahili ili apate kumfundisha Kiswahili.

Nimeona niandike haya kwa sababu kila tunapokutana sisi watu wa makamo, iwe kwenye harusi, msibani au ndani ya basi la Nyabugogo, hatukosi kulaumu kwamba vijana wa siku hizi hawasomi, kazi yao ni simu tu. Nami nimeyasema hayo mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Tangu siku ile ya kibandani nimekuwa nikijiuliza kama lawama hiyo tunampa anayestahili.

Binti huyu sasa ana miaka 25. Sitamtaja jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa, lakini maisha yake ni ya mabinti wengi wa Kigali. Amepanga chumba pamoja na mwenzake. Hufungua kibanda saa moja asubuhi na kukifunga saa mbili usiku. Anachopata ni kamisheni, na kila mwezi humtumia mama yake sehemu yake kijijini. Chakula cha mchana hulia pale pale alipokaa, akihesabu fedha za watu.

Nilipomuuliza raha yake ni nini, alifikiri kidogo, kisha akanitajia vitu ambavyo havigharimu hata nauli ya kwenda Musanze. Jumapili baada ya kanisa hunywa maziwa ya mgando kwenye kibanda cha maziwa. Siku akipata wateja wengi hupita Biryogo kunywa chai na chapati, akitazama watu wanavyopita. Husukwa nywele na mwenzake huku wakisimuliana. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, hunawa miguu na kujilaza na hadithi yake mpaka saa ya kufungua biashara. Hiyo ya mwisho, alisema, ndiyo inayozidi zote.

Anasoma nini? Anasoma hadithi za Kiswahili zinazotungwa Tanzania na Kenya, zinazosambazwa sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp. Sehemu hukatwa pale palipo patamu, na anayetaka kuendelea hulipa kidogo. Husoma kati ya mteja na mteja. Mwenzake anapolala, yeye hupunguza mwanga wa simu na kuendelea.

Mama yake mdogo halipendi jambo hilo. Husema binti anapoteza muda na kuharibu macho, na kwamba hadithi za mapenzi zitamharibu akili. Majirani wana swali moja tu: "Zitakufaa nini?" Najua swali hilo lilivyo, kwa maana nililisikia nikiwa mdogo.

Mimi nilizaliwa na kusomea Karagwe, mkoani Kagera, mtoto wa wakimbizi. Nyumbani kwetu kitabu kilikuwa na kazi moja, nayo ni kufaulu mtihani. Wazazi walikuwa na haki yao. Walipoteza ng'ombe, shamba na nchi, na elimu ndiyo mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kuwanyang'anya mpakani. Lakini sisi watoto tulikuwa na njia zetu. Mwenye duka alifungia sukari kwenye magazeti ya zamani, na humo mlikuwa na hadithi za kuendelea. Nilikuwa nikitumwa sukari nachagua karatasi. Mara nyingi nilipata sehemu ya nne bila ya tatu, nikajitungia mwenyewe yaliyopita.

Leo ninapoulizwa ni wapi nilijifunza Kiswahili cha kufundishia, jibu la heshima ni kutaja shule. Jibu la kweli ni zile karatasi za sukari. Ngeli nilifundishwa darasani, sikatai. Lakini kuipenda lugha kulitoka mahali ambapo hapakuwa na mtihani. Basi binti wa Nyamirambo na simu yake ana tofauti gani na mimi na karatasi zangu, isipokuwa kwamba yeye hupata sehemu ya tatu kabla ya ya nne?

Sisi tuliosomea uhamishoni tulirudi na lugha za shule tulizotoka. Wa Uganda walikuja na Kiingereza, wa Burundi na Kongo na Kifaransa, wa Tanzania na Kiswahili. Ilipofika zamu ya kutafuta kazi, wengi wetu tuliona Kiswahili kikihesabiwa kuwa lugha ya sokoni na ya madereva wa malori. Mambo yakabadilika hatua kwa hatua. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tulifurahi sana.

Hata hivyo, sheria haiwezi kumtia mtu hamu ya kusoma. Nilipozunguka mjini kutafuta riwaya moja ya Kiswahili ya kumpa mwanafunzi zawadi, nilichokipata ni kamusi na vitabu vya kiada. Kwa Kinyarwanda tumepiga hatua. Nyumba ya uchapishaji ya Bakame, iliyoanzishwa mwaka 1995, imewapa watoto wetu hadithi kwa lugha ya mama zao. Maktaba ya umma ya Kigali ilifunguliwa Kacyiru mwaka 2012, nayo ni jengo la kujivunia. Lakini binti anayefunga kibanda saa mbili usiku Nyamirambo hana maktaba inayomngoja saa hiyo. Anayo simu. Kwa hiyo tunapomlaumu kwa simu, tujiulize tulimwekea kitu gani kingine mkononi.

Wapo watakaoniambia kuwa hadithi hizo nyingi ni za ovyo. Nimezisoma baadhi, alinitumia mwenyewe. Kweli, zipo zilizoandikwa kwa haraka, zenye matajiri wengi kuliko waliopo Dar es Salaam yote. Lakini hata magazeti ya sukari hayakuwa na hadithi nzuri tupu. Msomaji huanza na anachokipata, na kadiri anavyosoma ndivyo anavyojifunza kuchagua. Asiyesoma chochote hana cha kuchagua.

Na hofu ya kwamba riwaya itamharibu binti si ngeni. Nilipofika nyumbani siku ile nilipekua sanduku la karatasi za shule nikakipata kile kitabu chake. Kilikuwa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1971, kikazuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa kuwa kilizungumza waziwazi mambo ya wasichana na wanaume, na baadaye kikaruhusiwa. Nilikisoma tena usiku huo. Ni habari ya binti aliyelelewa kwa fimbo na vitisho, akachungwa asijue lolote, na alipokuwa mbali na macho ya baba yake hakujua kujiongoza. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na sisi bado tunadhani dawa ya kumlinda binti ni kumfungia kitabu.

Binti huyo husikia mengi kibandani kila siku. Huona mume anayemtumia fedha mwanamke asiye mkewe, na mke anayekuja kuuliza. Husikia matusi ya walevi na ahadi za wenye magari. Dunia hiyo hatukumnyang'anya. Tulimnyang'anya kitabu ambacho kingemsaidia kuitafakari.

Sasa nizungumze na ninyi mnaovuka mipaka, maana mna uwezo kuliko mnavyodhani. Kitabu hicho hakikununuliwa Kigali. Mama yake binti alikuwa mfanyabiashara wa mchele, akivuka Rusumo kwenda Kahama na kurudi. Safari moja alipata faida ndogo, akaona kitabu chakavu kimetandazwa chini kando ya barabara, akamnunulia bintiye. Mama huyo hakuwahi kumaliza shule ya msingi. Hakuuliza kitamfaa nini. Alijua tu kuwa mtoto wake anapenda kusoma. Nami mwenye cheti cha ualimu nikakifungia sandukuni.

Akina mama na akina baba wa Rusumo, Gatuna na Kagitumba, mnabeba mchele, sabuni, viatu na vitenge. Kitabu kimoja hakiongezi uzito wa mzigo. Mkipita Bukoba, Mwanza au Kampala, ulizeni wauza vitabu vya mitumba. Tafuteni vya Shaaban Robert. Kwa anayependa mambo ya wapelelezi, kipo *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba cha mwaka 1974. Kwa anayetaka kusoma riwaya iliyoandikwa na mwanamke, kipo *Mali ya Maskini* cha Zainab Burhani cha mwaka 1981. Na ninyi warejea wenzangu, fungueni yale masanduku mliyorudi nayo. Najua mna vitabu humo ambavyo panya wanavisoma kuliko watoto wenu.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Ukimkuta mwanafunzi anasoma hadithi katika kipindi chako, mzuie, ndiyo, maana kipindi ni kipindi. Lakini kengele ikilia mrudishie kitabu siku hiyo hiyo, na umwulize amefikia wapi.

Na kwa wazazi na walezi: binti anayefanya kazi saa kumi na tatu kwa siku amestahili saa moja ambayo haimfai mtu mwingine yeyote. Tumezoea kumpima kwa anachotuma nyumbani, kwa mahari atakayoleta, kwa cheti alichopata. Hivyo vyote vina nafasi yake. Lakini nilipomwona akicheka peke yake chini ya ule mwavuli niliona mtu mwenye raha, na raha ile haikuwa imemkosesha mteja hata mmoja.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea kitabu chake. Nilimwomba radhi, jambo ambalo walimu wa kizazi changu hatukufundishwa. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua katikati. Ukurasa aliokuwa ameukunja siku ile darasani ulikuwa bado umekunjwa. Mteja akaja, akakiweka mapajani, akamhudumia. Mteja alipoondoka, akaendelea pale alipoishia.