Hoja ya Kayafa katika kliniki ya wajawazito



Baada ya Misa ya Dominika iliyopita mama mmoja mjamzito alituuliza kama Kanisa linamruhusu kujiunga na utafiti wa dawa katika kliniki anakohudhuria. Tulimjibu kwamba linaruhusu. Lakini usiku hatukutulia, kwa maana tulikumbuka yaliyowapata akina mama wengine katika nchi hii hii.

Mwaka 1994 ilithibitishwa, kwa utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa, kwamba dawa ya AZT hupunguza kwa takribani theluthi mbili maambukizi ya virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tiba ile ilikuwa ndefu na ghali mno kwa nchi maskini, hivyo ikatafutwa iliyo fupi. Kuitafuta hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba, katika majaribio kadhaa ya Afrika na Thailand, baadhi ya wajawazito wenye virusi walipewa vidonge vitupu visivyo na dawa. Jaribio mojawapo, PETRA, lilianza mwaka 1996 Tanzania, Uganda na Afrika Kusini. Kufikia wiki ya 6 baada ya kuzaliwa, asilimia 5.7 ya watoto wa kundi lililopata dawa kwa muda mrefu zaidi walikuwa wameambukizwa. Katika kundi la vidonge vitupu, asilimia 15.3. Vidonge hivyo vilisitishwa mwaka 1998, matokeo ya Thailand yalipojulikana.

Watetezi walisema: wanawake hao wasingepata kitu hata bila utafiti, basi hawakunyimwa chochote, na kundi tupu huleta jibu mapema, kwa faida ya maelfu. Baadhi yao walikuwa madaktari Waafrika waliochoka kuzika watoto, nasi hatuhukumu nia yao. Hoja yao tunaikataa. Kuhani aliyempita majeruhi njiani ana hatia yake. Lakini tuseme nini juu ya yule anayesimama, akafungua mafuta na divai, akampaka majeruhi mmoja, na mwenzake akampaka maji ili apime tofauti? Umaskini wa mama umegeuzwa kuwa ruhusa.

Na hiyo faida ya maelfu ni hoja ya Kayafa, aliyeona yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu. Papa Pius XII aliwafundisha matabibu mwaka 1952 kwamba mtu hakuumbwa awe chombo cha jamii, hata kwa manufaa ya sayansi. Iliwezekana kulinganisha tiba fupi na ndefu, kila mama akipata dawa. Wakosoaji walilisema hilo wazi mwaka 1997.

Nasi mapadre? Twahubiri mara nyingi juu ya mtoto anayeuawa tumboni, na ni haki. Juu ya mtoto wa tumboni aliyefanywa kipimo, tumenyamaza.

Vidonge vitupu si dhambi pale ambapo tiba haijajulikana bado. Basi mama yule aulize jambo moja kabla ya kutia sahihi: nikiangukia kundi lisilopewa dawa mpya, nitapewa nini? Akijibiwa kwamba hapati kitu, ilhali tiba iliyothibitishwa ipo, asitie sahihi. Na kama karatasi ile ni ngumu kuielewa, ailete ofisini Jumanne, tuisome pamoja.