Yakuti ya Mangare na Sufuria ya Jikoni

Yakuti, kito kilichotajwa katika Sura ya Ar-Rahman, huchimbwa pia kwetu Taita Taveta, huko Mangare, tangu miaka ya 1970. Asili yake ni oksidi ya alumini. Chembe za kromiamu ndizo ziipazo wekundu, nayo kwa ugumu huzidiwa na almasi.

Oksidi hiyo hiyo ndiyo utando mwembamba unaoikinga sufuria ya alumini. Ukwaju, ndimu na nyanya huula utando huo. Basi, akina mama, msiulaze mchuzi wa ukwaju humo. Uhamishieni katika chombo cha kioo au cha udongo.

Nanyi mnaokata na kusugua vito majumbani Voi: jiwe likiwa mkononi halidhuru, bali vumbi la mawe likivutwa siku nyingi huumiza mapafu. Litieni maji jiwe wakati wa kulisaga, vaeni barakoa, wala msiifanye kazi hiyo katika chumba wanamolala watoto. Kito kikiuzwa hununuliwa kingine. Pumzi ni amana, haina soko.