Wakili, jifunze Word. Sekretari wako amechoka

Wasee, leo nagusa watu wenye suti, na najua kuna mmoja atataka kunitumia barua kali ya kudai fidia. Sawa tu. Swali ni, hiyo barua ataiandika nani? Si atamwita sekretari?

Hoja yangu ni moja na sitaizungusha. Wakili asiyejua kuandaa hati kwenye kompyuta hajui sehemu ya kazi yake. Si urembo, si mambo ya vijana wa IT, na si "kazi ya wale wa mapokezi". Ni uwakili wenyewe. Na asipojua, gharama haimwangukii yeye. Inamwangukia mteja, na inamwangukia sekretari anayebaki ofisini saa mbili usiku akirekebisha kurasa.

Fikiria kidogo. Fundi wa magari ana spana, kinyozi ana mashine. Wakili ana nini? Ana maneno yaliyopangwa kwenye karatasi. Hati ya madai, hati ya kiapo, mkataba wa kuuza shamba, wosia, mawasilisho ya maandishi. Zote siku hizi zinazaliwa ndani ya Word au programu nyingine kama hiyo. Sasa kama hiyo ndiyo spana yako ya kila siku na hujui kuishika, tukuiteje?

Zamani mtu angejitetea. Wakili alisema kwa mdomo au aliandika kwa mkono, sekretari aliyefaulu mitihani yake ya kupiga taipu akaiweka sawa, karani akaibeba hadi masjala, ikapigwa muhuri, basi. Kazi iligawanywa na kila mtu alijua yake. Lakini tarehe 1 Julai 2020, katikati ya Covid, Mahakama ilianza kupokea kesi za Nairobi kwa mtandao, na Machi 2024 mfumo huo ukatangazwa kwa nchi nzima. Leo faili unayopakia ndiyo hati yenyewe. Ikiwa imepakiwa kichwa chini, jaji anaipata kichwa chini.

Nimekaa miaka miwili nyuma ya kaunta ya saiba iliyo hatua chache kutoka mahakamani, kwa hivyo haya si ya kuambiwa. Saa kumi jioni ilikuwa saa ya presha. Anaingia karani na flashi, nyuma yake mwanagenzi, yaani hao wanaofanya miezi yao sita chini ya wakili kabla ya kuapishwa, nyuma yake wakili mwenyewe na simu sikioni. Na karibu kila siku neno ni lilelile: "Boss, hebu nisaidie, hii kitu imekataa."

Imekataa nini? Mara nyingi ni nambari. Amri ya 19 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010 inataka hati ya kiapo igawanywe kwa aya zenye nambari zinazofuatana. Rahisi, sivyo? Sasa mtu ameandika aya 42, na kila nambari ameichapa kwa kidole. Mteja anakumbuka jambo la maana linalopaswa kuingia baada ya aya ya 6. Aya ya 7 inageuka 8, ya 8 inageuka 9, hadi mwisho. Anabadilisha moja moja. Anafika ya 23, simu inalia, anarudi, anaruka moja. Halafu kule chini kuna sentensi inasema "kama nilivyoeleza katika aya ya 14", na aya ya 14 sasa inazungumzia kitu kingine kabisa.

Jioni moja alikuja mama wa makamo, ameshuka matatu ya pili kutoka kwao, kuja kuapa hati ya kesi ya shamba. Alikuwa ameapa asubuhi, amesaini, akarudi nyumbani. Mchana ofisi ikagundua nambari zimegongana na marejeo yanaelekeza pabaya. Hati ikishaapwa huwezi kuingia ndani ukarekebisha kimyakimya, lazima iandaliwe na kuapwa upya. Basi mama akaitwa arudi siku hiyohiyo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akiuliza kwa upole, "Kijana, ni mimi nilikosea kusema?" Hapana mama. Hukukosea popote. Kuna kitufe cha nambari za kujiendesha kwenye Word, na kuna mtu mwenye digrii ambaye hajawahi kukibonyeza.

Hapo ndipo mimi huacha kucheka. Nauli mara mbili, siku ya kibarua imepotea, na juu yake mama anadhani kosa ni lake.

Na dawa yake haichukui hata saa moja kujifunza. Tumia nambari za kujiendesha, ukiongeza aya katikati zilizobaki zinajipanga. Unapotaja aya nyingine, usichape nambari yake, weka rejeo kupitia sehemu inayoitwa Cross-reference. Ukimaliza, chagua hati yote kwa Ctrl na A, halafu bonyeza F9. Marejeo yote yanajisahihisha. Buda, ni hivyo tu.

La pili ni ukurasa wa sahihi. Watu wanasukuma maneno chini kwa kubonyeza Enter mara kumi na tano. Kwenye kompyuta ya ofisi inakaa vizuri. Ukiifungua kwenye ya saiba, ambayo haina fonti ileile, kila kitu kinahama, na ile sehemu ya "Imeapwa hapa Nairobi tarehe..." inabaki peke yake kwenye ukurasa mtupu, imetengwa na kiapo chenyewe. Wakili wa upande wa pili akiiona hiyo, ameokota cha kulalamikia bure. Ukitaka ukurasa mpya, bonyeza Ctrl na Enter. Ukitaka mistari miwili isiachane, kuna mpangilio wa kuifunga pamoja, Keep with next. Enter si jembe la kulimia ukurasa.

La tatu ndilo linaniogopesha zaidi, hati ya zamani inayogeuzwa kuwa mpya. Kila ofisi inafanya hivi, na si dhambi. Hakuna haja ya kuandika mkataba wa kukodisha nyumba kutoka sifuri kila mara. Shida ni kuchukua faili ya mteja wa mwaka jana, kubadilisha jina, na kuomba Mungu. Unaambia kompyuta itafute "Ann" iweke "Jane". Hujamwambia itafute neno zima. Inatii. "Annual rent" inakuwa "Janeual rent". Hiyo ni ya kuchekesha. Isiyochekesha ni pale nambari ya kitambulisho ya mteja wa kwanza inapobaki ukurasa wa tisa na kwenda kwa mtu asiyemjua. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na siri ya mteja ilikuwa wajibu wa wakili hata kabla ya hiyo. Tengeneza kiolezo safi, chenye nafasi tupu zilizowekwa alama, kisichokuwa na mtu ndani.

Na siri haikai kwenye maneno yanayoonekana tu. Mwaka 2004 huko Marekani, kampuni ya SCO ilimshtaki DaimlerChrysler. Waandishi wa habari walipofungua faili ya Word ya kesi hiyo, walikuta ndani historia ya marekebisho inayoonyesha kwamba kabla ya hapo mshtakiwa kwenye rasimu alikuwa Bank of America. Mpango wa ndani ya ofisi, nje peupe. Miaka 15 baadaye, Januari 2019, mawakili wa Paul Manafort waliwasilisha hati ya PDF yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi. Weusi ulikuwa juu tu. Ukinakili maneno na kuyabandika kwingine, yote yanasomeka. Hao walikuwa mawakili wa bei, si wa kichochoroni. Kama hao yaliwapata, wewe unayetuma rasimu kwa WhatsApp saa sita usiku una kinga gani? Word ina kifaa cha kukagua hati, Document Inspector, kinachoondoa historia na maoni yaliyojificha. Kitumie kabla ya kutuma.

Ajabu ni kwamba sheria yetu ilielewa mambo haya kabla ya kompyuta kuwa mezani. Soma Amri ya 8 ya kanuni zilezile. Ukirekebisha hati ya madai, maneno unayoondoa unayakata kwa wino mwekundu lakini yaendelee kusomeka, na unayoongeza unayapigia mstari mwekundu. Kila mtu aone kilichobadilika. Hiyo ni nini kama si Track Changes? Kanuni imekaa pale, kifaa kimekaa pale, na bado nimeona mwanagenzi akichapisha kurasa 30 halafu anatafuta kalamu nyekundu na rula.

Najua jibu linalokuja. "Kijana, Katiba kifungu cha 159 kinasema haki itolewe bila kujali sana ufundi wa taratibu. Hakuna kesi inayotupwa kwa sababu ya fonti." Kweli kabisa, na nashukuru kifungu hicho kipo. Lakini kukimbilia 159 ni kuomba msamaha, na msamaha unaombwa mbele ya jaji, kwa muda wa mahakama, kwa pesa za mteja. Ukishinda hoja hiyo umerudi tu mahali ulipopaswa kuwa tangu mwanzo. Katiba haikuandikwa ili wewe usijifunze F9.

Jibu la pili ni "ndiyo maana nimeajiri sekretari". Hili ndilo linalonikera. Kwanza, mawakili wengi wanaoanza hawana sekretari, wana laptopu na deni la ada ya shule. Pili, kama sekretari ndiye anayejua kitu kinachoshikilia ofisi nzima, mbona mshahara wake na heshima yake havifanani na hilo? Anaitwa "msichana wa ofisi" hata akiwa na miaka 45. Analetewa rasimu saa kumi na moja kasoro na kuambiwa ipakiwe leo. Ikikosewa, ni yeye. Ikipendeza, ni "mawasilisho mazuri, msomi mwenzangu". Mimi nasema kama ni ujuzi, ulipwe kama ujuzi, na ampeleke kozi kila Word inapobadilika, badala ya kumwachia ajifunze kwa YouTube kwa bando lake mwenyewe.

Jibu la tatu ni la vijana wenzangu: "Siku hizi AI itafanya." Itakuandikia aya, ndiyo. Halafu utazibandika kwenye hati na fonti tatu zitapigana, nambari zitaanza upya kutoka 1 katikati ya ukurasa wa nne, na utarudi saiba kuniambia imekataa. Hujaondoa hitaji la kujua kupanga hati, umeongeza kasi ya kuivuruga.

Wenzetu wameanza kulichukua hili kwa uzito. Chama cha mawakili cha Marekani, ABA, kiliongeza mwaka 2012 kwenye maelezo ya kanuni yake ya umahiri kwamba wakili afuatilie faida na hatari za teknolojia inayohusu kazi yake. Casey Flaherty, alipokuwa wakili wa ndani wa Kia Motors America, alienda mbali zaidi. Aliwapa mawakili wa kampuni za nje mtihani wa Word, Excel na PDF, mambo ya kawaida tu, na kampuni za kwanza alizozijaribu zilianguka. Hoja yake ilikuwa ya mteja yeyote mwenye akili. Kwa nini nilipie saa tatu za wakili kwa kazi ya dakika ishirini?

Hapa kwetu, LSK inawataka mawakili wapate pointi za mafunzo kila mwaka. Weka hili kwenye mafunzo hayo. Si hotuba ya "mustakabali wa kidijitali" kwenye hoteli ya Mombasa yenye bufe. Nataka chumba chenye kompyuta, hati mbovu ya kurasa 40, na saa mbili za kuinyoosha. Kenya School of Law iwape wanafunzi zoezi hilohilo kabla ya kuwatuma kwa mawakili. Na mwalimu wa somo hilo msimtafute mbali. Mpeni sekretari mwenye miaka ishirini kazini, mlipeni kama mnavyomlipa wakili anayekuja kuzungumza, na mkae chini mwandike anachosema.

Wewe mteja nawe una sauti. Ukipewa hati ya kusaini, isome. Angalia jina lako, kitambulisho chako, nambari za aya. Uliza, "Wakili, hii aya ya 14 inayotajwa hapa ndiyo ipi?" Si utovu wa adabu. Ni kesi yako, na nauli ya kurudi ni yako.